Mfadhili Akiondoka



Liko suala ambalo tangu mwaka 2025 nimelisikia barazani, na msikitini baada ya sala ya alasiri, na hata kwa wazazi waletao watoto chuoni: wafadhili wamekwenda wapi, na sisi tutafanyaje? Mimi si mtu wa ofisi. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na skuli ya msingi, na kazi yangu kwa miaka 31 ni kukaa juu ya mkeka na kusomesha watoto hapa Mombasa. Walakini kila mahali niliposomesha palikuwa na chama nyuma yangu, ama halmashauri ya msikiti, ama jumuiya ya wazazi, ama shirika la mayatima. Mwalimu wa madrasa huyajua mambo ya vyama kama mpishi ajuavyo mambo ya soko: bei ikipanda, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kisa chenyewe chajulikana. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa mengine kwa siku 90. Siku zile 90 hazikuwa na mwisho wa kheri. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka ule, shirika la USAID, lililokuwa likitoa misaada tangu mwaka 1961, lilikwisha kusimamisha kazi zake, na machache yaliyosalia yakahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Hapa Kenya zahanati zilizokuwa zikitoa dawa za ukimwi zilitikisika, na watu wengi waliokuwa wakifanya kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali wakaambiwa warudi majumbani. Katika mtaa wetu peke yake nyumba tatu zilipoteza mshahara mwezi mmoja.

Nilimsikia bwana mmoja akisema barazani, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu. Na si mara ya kwanza. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 huko Nairobi na Dar es Salaam, serikali yetu iliyafutia usajili mashirika kadhaa ya Kiislamu kutoka nje. Mwaka 2004 matawi ya Kenya na Tanzania ya taasisi ya al-Haramain ya Saudia yakatiwa katika orodha ya vikwazo, na mwaka ule ule taasisi yenyewe ikavunjwa huko kwao. Yaliyosemwa juu ya mashirika yale, ya kweli na ya uongo, siyo niyatakayo hapa. Nitakalo ni hili: palikuwa na watoto waliolala na chakula na kuamka hawana, na walimu waliolala na mshahara na kuamka hawana, na wote hao hawakuulizwa neno. Awe mfadhili ni wa Washington au wa Ghuba, akifunga mfuko wake huufunga kwa sababu zake, na njaa hubaki kwa mwingine.

Nasi tulipata fungu letu. Madrasa nisomeshayo ilikuwa na mayatima 43 waliosaidiwa na shirika moja la ng'ambo, ambalo sina haja ya kulitaja. Kwa miaka tisa lilitoa chakula cha mchana, mishahara ya walimu wanne, na vitabu. Lilitoa kwa ukarimu, na Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Kisha, mwaka 2021, ukaja ujumbe katika simu ya katibu wetu, mstari mmoja na nusu, kwamba mradi umefikia mwisho wake. Ndani ya miezi mitatu, katika wale watoto 43 walibaki 17. Mmoja katika walioondoka alikuwa amekwisha kuhifadhi juzuu 11, sauti yake ikinyamazisha darasa zima akianza kusoma. Leo ni utingo wa matatu ya kwenda Mtwapa. Kila tukikutana huniamkia kwa adabu, "Shikamoo Maalim," na hukataa nauli yangu. Juzuu zile 11 sijui zimebaki ngapi, wala sijathubutu kumwuliza.

Sasa, ndugu zangu, wengi hapa wangesema dawa ni kutafuta mfadhili mwingine. Na ndivyo ilivyosemwa katika halmashauri yetu. Barua zikaandikwa, picha zikapigwa. Na kwa kuwa nimezitaja picha, niruhusuni nitoe la moyoni. Katika miaka ile tisa, kila ulipokuja mchele, watoto walipangwa safu mbili mbele ya magunia, nyuma yao kitambaa kikubwa chenye jina la shirika, wakaambiwa watabasamu. Alikuwapo msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akivuta ushungi wake hadi puani kila kamera ikiinuliwa. Mpiga picha akimwambia, "Fungua uso, mama, waliokutumia wataka kukuona." Sadaka ya mkono wa kulia ambayo wa kushoto haujui, sote tumesomeshwa. Kwa nini basi mtoto wa maskini aonyeshwe dunia nzima ndipo ale? Siku hizi mambo yamezidi, kwa kuwa kila mtu ana kamera mfukoni, na vyama vinashindana kwa picha za majonzi katika WhatsApp na Facebook, mwenye picha ya kuliza zaidi ndiye apataye. Ajapo mfadhili kwa machozi, huondoka yanapokauka.

Lakini jambo tulilolivumbua mwaka ule wa 2021 lilikuwa kubwa kuliko ukosefu wa fedha. Tulivumbua kwamba hatukuwa na chama. Tulikuwa na mfadhili, na sisi tulikuwa makarani wake wa mbali tusio na cheti. Katika miaka tisa hapana mzazi hata mmoja aliyetoa shilingi kwa ajili ya madrasa. Wala haikuwa kwa ubahili wao: tuliwaambia wenyewe wasitoe, kwa kuwa kila kitu kimelipwa. Mimi nilipokuwa mdogo, mtoto alikwenda chuoni Alhamisi na senti zake ndani ya fundo la leso ya mama yake. Zilikuwa chache, na pengine mwalimu alizirudisha kwa aliye maskini zaidi, kwa siri, chini ya mkeka. Walakini zile senti zilimfanya mama aseme "chuo chetu." Tulipoziondoa, tuliondoa na neno lile.

Fauka ya hayo, mambo ya hesabu. Mweka hazina wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua. Kwa miaka 22 hakula senti ya madrasa, na nyumba yake ilivuja. Lakini hesabu zote zilikuwa ndani ya kichwa chake, na kidogo katika kijitabu cha mfukoni, kwa herufi za Kiarabu na alama ambazo hakuzifasiri kwa mtu. Ukimwuliza fedha zilizopo atakwambia mpaka shilingi ya mwisho. Alipofariki mwaka 2019 tulizika mtu na hazina pamoja. Benki haikutoa fedha ila kwa sahihi yake. Mwenye sahihi ya pili alikuwa amehamia Muscat kitambo, na wa tatu alikufa kabla yake bila ya mtu kukumbuka kulibadilisha jina. Kwa miezi 14 fedha zilikaa benki na walimu wakakaa na njaa. Wako waliosema maneno mabaya juu ya marehemu, kwamba amekula. Mjane wake alikuwa akiyasikia kisimani. Hapo ndipo unapoona kwamba kuandika hesabu ni kumhifadhi mtu heshima yake baada ya kufa kwake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, haikuja juu ya sala wala juu ya saumu. Imekuja kuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Watoto wangu huihifadhi kwa taabu kwa urefu wake. Watu wazima huisoma kila Ramadhani, na kisha huendesha msikiti kwa kijitabu cha mfukoni.

Na zama zetu hazina huruma kwa kijitabu cha mfukoni. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 mahali pa ile ya mwaka 1990, na mashirika yakatakiwa yajisajili upya kwa mamlaka mpya. Vyama vidogo kama vyetu aghalabu viko chini ya Msajili wa Vyama, ambaye naye hutaka kila mwaka majina ya viongozi na hesabu za mapato na matumizi. Benki nazo huuliza fedha yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, na kwa kazi gani. Kisha ukaja msiba wa Shakahola wa mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa kaunti ya Kilifi, watu waliopotezwa na mhubiri wao. Tangu hapo serikali na watu wa kawaida huangalia kila chama cha dini kwa jicho jingine. Vijana wetu husema haya yote ni maonevu juu ya Waislamu. Maonevu yamewahi kuwapo, sikatai, na mengine yapo. Lakini Shakahola haikuwa yetu, na masuala ya baada yake yaliulizwa kwa wote. Nami nasema, suali la "fedha yatoka wapi yaenda wapi" ni suali ambalo mzazi ana haki ya kutuuliza kabla ya serikali. Tuliulizwa na serikali kwanza kwa sababu wazazi tuliwanyamazisha.

Ama kwa fedha yenyewe, dini yetu haikutuacha bila ya njia. Sayyidna Umar alipopata shamba huko Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Akashauriwa azuie asili ya mali ile na atoe sadaka matunda yake. Basi shamba likawa haliuzwi, wala halipewi mtu, wala halirithiwi, na mapato yake yakaenda kwa maskini na jamaa na wageni, na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa wema. Hiyo ndiyo wakfu. Waingereza wa siku hizi na Wamarekani huuita mfuko wa kudumu, na vyuo vyao vikubwa huishi kwa huo. Babu zetu wa pwani waliijua vyema. Minazi, maduka na nyumba za Mji wa Kale ziliwekwa wakfu kwa ajili ya mafuta ya taa, maji ya udhu na riziki ya walimu. Nyingi katika hizo zimekufa mikononi mwa wasimamizi, nyingine kwa kodi ambayo haijapandishwa tangu mpangaji alipokuwa kijana. Hilo ni shitaka kubwa ambalo lataka makala yake peke yake.

Walakini mali nyingi peke yake si ngao. Mwaka 1948 ulipoanza mpango wa Chuo cha Elimu ya Kiislamu hapa Mombasa, kile wazee walichokiita MIOME, waliotoa hawakuwa watu wadogo: Aga Khan alitoa, Sultani wa Unguja alitoa, na serikali ya kikoloni ilitia yake. Vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wakaja kujifunza ufundi wa umeme, mbao na ubaharia. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha taifa, mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Chasomesha watoto wa kila dini, na wetu wamo, alhamdulillahi. Sina kinyongo nacho, mpwa wangu amesoma hapo. Lakini nakitaja kwa sababu vijana wengi wapitao lango lake hawajui kilianzaje. Kilijengwa na wakubwa kwa ajili ya wadogo, na wadogo hawakuwa na mkono katika kukiendesha. Basi kilipogeuka, mtaani hapakuwa na wa kuulizwa.

Kwa upande wa pili tazameni Lamu. Habib Saleh, aliyefariki katika miaka ya 1930, alianza kusomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, na mwanzo wake ulikuwa kibanda cha makuti. Msikiti wa Riyadha na chuo chake vimepita ukoloni, vimepita uhuru, vimepita njaa na vita vya jirani, na wanafunzi bado wako. Hawakukosa wafadhili wa nje, la. Lakini kila mwaka ufikapo Maulidi utamwona bibi wa Lamu asiye na kitu amebeba sinia lake la chakula kwa wageni wa Habib. Yule bibi hajui habari za mradi wala ripoti. Ajua kwamba sinia lake lisipofika, kuna mgeni atakayekosa.

Nirudi mtaani kwetu. Baada ya mwaka mzima wa barua zisizojibiwa, walioinuka walikuwa kina mama. Hawakuomba ruhusa ya halmashauri, na ingawa wako wazee waliolichukia jambo hilo, mimi nililifurahia. Walikubaliana kila nyumba itoe shilingi 20 kwa siku kwa M-Pesa, siku iliyo ngumu isitoe, na hapana wa kudaiwa. Hii simu ya kutumia fedha, iliyoanza Kenya mwaka 2007, imefanya jambo ambalo wahenga wasingeliwaza: muuza mahamri aweza kutoa sadaka yake kabla ya karai halijapoa, bila ya mtu kumwona. Nyumba 112 zilijiandikisha. Lau wote wangetoa kila siku zingepatikana shilingi 67,200 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza zilipatikana 38,460. Wako waliocheka. Lakini zile 38,460 zilinunua unga wa uji, sukari na kuni, na zikalipa nusu ya mishahara ya walimu wawili. Wali wa mfadhili ukawa uji wa mtaa. Watoto tisa katika walioondoka wakarudi.

Hata hivyo, fedha za wengi zina fitina zake. Mwezi wa tatu yakaanza maneno: fulani kanunua friji, yatoka wapi? Chama kidogo huweza kufa kwa neno moja kama hilo, tena haraka kuliko kwa kukosa mfadhili. Hapo ndipo alipoingia msichana mmoja wa mtaa, niliyemsomesha mimi mwenyewe juzuu Amma, ambaye alikuwa mhasibu katika shirika moja lililopunguza watu mwezi Februari 2025. Alikuwa amekaa nyumbani, cheti chake ukutani. Akanijia akaniambia, "Maalim, nipeni daftari lenu kwa wiki moja tu." Nikamwambia, "Mwanangu, daftari lenyewe ni vikaratasi." Akasema, "Nipeni hivyo vikaratasi."

Alichokifanya ni chepesi, na kwa wepesi wake chastahili kusimuliwa. Kila Ijumaa, kabla ya khutuba, karatasi moja hubandikwa katika ubao wa msikiti, upande wa wanaume na upande wa wanawake: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Majina ya watoaji hayaandikwi, ili aliye nacho asijione na asiye nacho asione haya. Kila kilichonunuliwa kina risiti, na asiyeamini aweza kuiomba. Sahihi za benki ni tatu, na kila Januari huulizwa: wenye sahihi wako hai, wako mjini, bado wataka? Kazi ya mweka hazina ina msaidizi anayefundishwa, kwa sababu sote twafa. Maneno ya friji yalikwisha katika Ijumaa mbili.

Upinzani haukutoka kwa wasio na elimu, kama mtu angedhani. Ulitoka kwa baadhi ya viongozi, na hapa nitasema kwa adabu lakini sitanyamaza. Tunao wenyeviti waliokaa miaka 20 na 25, ambao hawaibi, lakini wamekwisha kujiona wao na chama ni mwili mmoja. Ukiuliza hesabu, umemtukana. Ukitaja uchaguzi, umemtakia kifo. Mgeni akija na zawadi humpa yeye mkononi, na yeye haoni tofauti ya mkono wake na sanduku la msikiti. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd kukusanya zaka, naye aliporudi akagawa alivyoleta mafungu mawili: hii yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza, lau mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Kisa hiki husomwa sana misikitini, aghalabu juu ya serikali. Nadra kukisikia kikisomwa katika mkutano wa halmashauri.

Na vijana nao wasijione wamesalimika. Kijana wa leo hupenda kuanzisha chama chake mwenyewe kuliko kuingia kilichopo. Kina jina zuri, alama ya rangi, na fulana. Ramadhani hugawa futari na kupiga picha, Shawwal huwezi kukipata. Katika mtaa mmoja nimehesabu vyama vinne vya kusaidia mayatima, na mayatima ni wale wale, wanaandikwa mara nne. Nguvu yote hii, lau ingekaa mahali pamoja na kuvumilia wazee kidogo, na wazee nao wakavumilia kidogo, tusingekuwa tunamtazama mtu wa ng'ambo.

Liko jambo moja lililogawa watu kwetu hivi karibuni, nalo ni ujira. Yule msichana kwa miezi minane alifanya kazi bure. Ana mama mgonjwa na ndugu wawili skuli. Akapata habari ya kazi Nairobi, akaja kuaga. Halmashauri ikakaa. Mzee mmoja akasema, "Hii ni kazi ya thawabu, mwenye kutaka mshahara aende kwa Wahindi." Mwingine akasema fedha za mayatima haziwezi kuliwa na karani. Maneno haya ni mazuri kuyasikia, na watoaji wengi huyapenda. Hata wafadhili wa ng'ambo hupenda kuona kila senti imemfikia yatima, wala hawataki kulipia karatasi wala karani. Lakini nikawauliza wazee wangu: katika wale wanane ambao Mwenyezi Mungu amewataja katika Suratut Tawba kuwa ndio wapewao zaka, wa tatu ni nani? Wakanyamaza, kwa kuwa wote wamesoma. Ni wale waitumikiao, wakusanyao na kugawa. Mwenyezi Mungu hakuona aibu kuwatia katika fungu moja na mafakiri, na sisi twaona aibu. Na msimamizi wa shamba la Umar aliruhusiwa kula kwa wema. Ukimtaka mtu mwaminifu, mjuzi, na bure, utampata kwa miezi minane. Mwezi wa tisa atakwenda Nairobi, na wewe utarudi kwenye kijitabu cha mfukoni.

Nilisema hayo nami pia ni mlaji wa mshahara wa madrasa, na mzee mmoja hakukosa kunikumbusha. Sawa. Nimesomesha watoto wake watatu kwa mshahara huo, na mmoja wao leo ni imamu.

Mjadala ulikwenda mpaka adhana ya isha. Ikaamuliwa kwa watu wanne juu ya watatu kwamba karani alipwe shilingi 12,000 kwa mwezi, asubuhi tatu kwa wiki, ili siku nyingine atafute riziki kwingine. Na ujira huo uandikwe ubaoni kama vitu vingine vyote. Ikaamuliwa pia kwamba katika kila shilingi 100 ziingiazo, 15 ziwekwe kando mpaka zitoshe kununua chumba kimoja cha duka karibu na soko, kiwe wakfu wa madrasa, kodi yake ilishe darasa. Kwa hesabu ya msichana yule, tukienda hivi hivi, itachukua miaka mingi. Mama mmoja alisema kuwa mtoto wake wa mwisho ana miaka minne, kwa hiyo ana wakati.

Wazee wawili katika wale watatu walitoka kabla ya dua. Ijumaa iliyofuata nilimwona mmoja wao mbele ya ubao, miwani mkononi, anasoma mstari baada ya mstari kwa kidole. Alipofika mstari wa ujira wa karani alisimama kidogo. Kisha akaniuliza, "Maalim, na hizi za kuni, risiti yake ikoje?" Nikamwambia ziko katika faili la kijani, ndani ya kabati. Akaenda kuziangalia.